Mama Hataki: Namna ya Kuandika Kukataliwa Kunakoshika Kwenye Tamthilia ya Mapenzi

Tamthilia nyingi za mapenzi za Kiswahili zina sini moja inayofanana. Kijana wa geti kali anamleta nyumbani binti wa uswahilini. Mama anashuka ngazi, anamkagua kuanzia kandambili mpaka kilemba, anatamka kwamba huyu hakanyagi tena hapa. Kibao kinalia, muziki unapanda, sehemu inaisha. Kesho yake mtazamaji anarudi na swali moja, na ni swali la haki: kwani wakienda kuoana, mama atawafanya nini?

Skripti nyingi hazina jibu. Kijana ana miaka 28, ana kazi, ana gari, ana akaunti benki. Binti ni mtu mzima. Mama ana sauti tu. Ndiyo maana kufikia sehemu ya kumi na tano mwandishi anaanza kuokota: sumu kwenye juisi, watekaji, ajali, mganga, mtu kupoteza kumbukumbu. Vyote hivyo vinakuja kuziba pengo lililoachwa siku ya kwanza. Naupenda sana mtindo huu wa tamthilia, na machozi yake yote, na inaniuma kuona mgogoro mzito wa tabaka ukigeuzwa kelele za sebuleni wakati jamii yetu ina njia nyingi na kali za kumkatalia mtu ndoa.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno moja la mama, andika pembeni ameshika nini mkononi. Nyumba? Ajira ya mwanawe? Siri? Radhi? Michango ya harusi? Kama hujui, usimwite kwenye ngazi.

Chombo hiki kilivyoundwa

Aprili 1948, huko Havana, redio ya CMQ ilianza kurusha igizo la Félix B. Caignet, *El derecho de nacer*, lililofika sehemu 314. Don Rafael del Junco ni tajiri mwenye fahari ya ukoo. Binti yake María Elena anapata mimba nje ya ndoa, na mzee anaamuru mtoto auawe. Mtumishi wa nyumba, mwanamke mweusi anayeitwa Mamá Dolores, anatoroka na kichanga na kumlea. Mtoto anakua, anakuwa daktari, na siku moja anatoa damu yake kumwokoa Don Rafael bila yeyote kati yao kujua kwamba ni babu na mjukuu. Mzee anapokuja kuujua ukweli anapigwa na kiharusi, ulimi unakufa, na Kuba nzima inakaa ikingoja lini atasema.

Tazama vipande vilivyomo. Anayekataa ana uwezo wa kuua, siyo wa kununa tu. Anayeokoa ni wa tabaka la chini kabisa ndani ya nyumba ileile. Na siri inakaa ndani ya mwili wa mtu yuleyule aliyekataa. Haiko kwenye barua iliyopotea wala kwa jirani mmbeya.

Mexico ikaongeza kipande kimoja kikubwa. Mwaka 1979 Televisa ilitoa *Los ricos también lloran*, hadithi iliyotokana na kazi ya Inés Rodena, Verónica Castro akiwa Mariana, yatima anayechukuliwa na tajiri Alberto Salvatierra kukaa nyumbani kwake. Mke hamtaki. Mtoto wa kiume, Luis Alberto, anaishia kumpenda. Mwaka 1995 hadithi hiyohiyo ilisukwa upya kwa Thalía, ikaitwa *María la del barrio*. Werevu wake uko kwenye paa: binti analala chini ya paa la anayemkataa, anakula chakula chake, anavaa nguo alizonunuliwa. Mwandishi hahitaji kubuni sababu ya watu kukutana, maana kifungua kinywa kinatosha kuwa vita. Na kwa anayehesabu gharama, nyumba moja ya kupigia picha inabeba robo tatu ya sini za wiki. Ukiiangalia *Maria* ya Citizen TV, iliyoanza kurushwa Kenya mwaka 2019, utaona mpango huo umehamia Kiswahili: binti wa mtaa wa mabanda anaingizwa ndani ya nyumba ya tajiri, na mengine yote yanafuata.

Wakorea wakafupisha. *Boys Over Flowers* ya KBS2, mwaka 2009, ina sehemu 25 tu. Wazazi wa msichana wana duka la dobi, na mama wa kijana ndiye anayeendesha kampuni kubwa. Kukataa kwake kuna vifaa: pesa za kuwanunua wazazi, na uchumba na binti wa kampuni nyingine ambao ni biashara kabla haujawa ndoa. Hapo kijana akikataa, hasara ina hesabu.

Sisi tumechukua ngazi na kibao. Vifaa tumeviacha hukohuko.

Kosa la mirathi

"Ukimuoa huyo, nakufuta kwenye mirathi!" Maneno haya anapewa baba aliyevaa kanzu, jina lake Sheikh fulani au Alhaji fulani, na mtazamaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anajua palepale kwamba mwandishi hakuuliza mtu. Katika sheria ya Kiislamu baba hawezi kumnyima mwanawe mirathi kwa wosia. Mafungu yamepangwa. Wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na hauwi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie.

Hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu njia iliyopo ni kali zaidi. Baba anaweza kutoa mali akiwa hai. Anaweza kuandika hiba ya nyumba kwa binti yake mkubwa, akahamisha duka kwa mdogo wake, akaweka shamba wakfu, na siku akifa mwana anarithi fungu lake kamili la mali ambayo haipo tena. Hebu fikiria sehemu nane ambamo kila mara mzee anatoka na bahasha kwenda kwa wakili, hasemi kitu, anarudi anasali, anakula na mwanawe vizuri kabisa. Kijana anadhani ameshinda. Mtazamaji ameiona bahasha.

Kwa familia isiyofuata sheria hiyo, wosia unafanya kazi, ila nao una mipaka. Kenya, Sheria ya Urithi inamruhusu mtegemezi aliyeachwa bila kitu kwenda mahakamani kuomba atengewe fungu. Kwa hiyo tishio la wosia lina jibu, na jibu hilo ni mgogoro mwingine ndani ya familia. Kijana akimshtaki mama yake mjane kwa ajili ya ndoa, watazamaji waliokuwa upande wake wataanza kugawanyika. Hapo umepata kitu.

Posa ina milango mingi, na kila mlango unafungika

Hapa ndipo mali yetu ilipo, na ndipo skripti zinapokimbia haraka. Watu wanapendana, wanaamua, halafu tunaruka hadi shela. Katikati pana mshenga, barua, kikao cha ukoo, jibu, orodha ya mahari, kikao cha kupunguziwa, kamati ya harusi, matangazo. Kila hatua inamhitaji mtu mwingine akubali.

Anza na mshenga. Kijana hajipeleki mwenyewe, anatumwa mtu mzima anayeheshimika. Njia rahisi ya mama kuua posa ni kuhakikisha hakuna anayekubali kuipeleka. Mjomba ana safari. Baba mdogo anaumwa mgongo. Rafiki wa marehemu baba anasema, "Mwanangu, mimi siwezi kumvuka mama yako." Kijana aliyezoea kulipia kila kitu anagundua kuna kitu hakilipiwi. Ukitaka tabaka lionekane, mpe mshenga wa mwisho kabisa: dereva wa nyumbani, mzee aliyempeleka shule tangu chekechea. Je, familia ya binti itaichukuliaje posa ya tajiri iliyoletwa na dereva? Wataona wametukanwa. Wako sahihi kuona hivyo, na kijana naye hana kosa. Mgogoro mzuri huwa na watu wawili walio sahihi.

Kisha jibu. Watu wenye malezi hawakatai posa kwa kelele. Wanasema, "Tumepokea, tutawajibu," halafu hawajibu. Au, "Binti bado anasoma." Au, "Tumeshatoa neno kwingine." Mama tajiri anayepiga kelele anajishusha hadhi mbele ya wafanyakazi wake, na mwanamke wa ushuani anajua hivyo vizuri. Mwandikie adabu. Amkaribishe binti, amwagizie chai, aulize hali ya wazazi, kisha:

"Mwanangu, wewe ni mtoto mzuri, una heshima. Basi na mimi naomba uniheshimu kama mama yako. Usirudi."

Hapo kibao hakihitajiki, na binti hana pa kushika, kwa sababu ametendewa vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mahari nayo inaandikwa ovyo. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Kilemba, mkaja, cha kufungulia mlango na mengineyo ni desturi za familia. Mwandishi anayemfanya mama wa binti ashike mahari na kuyahesabu kama yake amechanganya, isipokuwa kama anataka ugomvi wa mama na binti uanzie hapohapo, jambo ambalo ni zuri likikusudiwa. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Kenya, kwa ndoa ya kimila, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaona kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuithibitisha pale mahari yanapohitajika. Kwa hiyo ukoo ukitaja kiwango kikubwa kupita kiasi, usiandike kama kizuizi cha kisheria. Ni "hapana" iliyovaa nguo za "ndiyo," na kila aliyeketi kwenye mkeka anaelewa.

Sasa kufuu. Neno hili ndilo moyo wa mgogoro wa tabaka pwani, na linatumiwa vibaya. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi pwani yetu, kufuu inaangaliwa kwa mwanamume: je, huyu muoaji anaendana na binti kwa nasaba, kwa dini, kwa kazi anayofanya? Ni haki ya binti na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa. Mama wa kijana tajiri hana kufuu ya kudai dhidi ya binti maskini. Anaweza kulitaja neno kwa kejeli, lakini si hoja. Hoja inasimama pale binti ni wa kitajiri na kijana ni fundi makenika.

Ukigeuza hivyo, mtambo wote unabadilika. Binti anahitaji walii. Baba akikataa kumuoza kwa mtu anayemfaa, bila sababu ya kisheria, binti anaweza kwenda kwa kadhi, na uwalii ukahamia kwa hakimu. Swali linalobaki mezani ni moja: huyu fundi ni kufuu yake au siye? Yaani tabaka lenyewe linasimamishwa kizimbani, na wazee wanaitwa kutoa ushahidi kuhusu babu ya mtu aliuza nini sokoni. Sioni kwa nini hatujaona sini hiyo mara mia. Angalizo moja: Kenya na Zanzibar zina mahakama za kadhi zenye nguvu ya sheria, Tanzania Bara haina. Hadithi ya Temeke usiipeleke kwenye mahakama isiyokuwepo.

Kanisani una saa yako mwenyewe. Wachumba wanatangazwa Jumapili tatu, na kila tangazo linamwita mwenye kizuizi aseme. Serikalini Tanzania ni taarifa ya siku zisizopungua 21, na Kenya ni 21 pia, isizidi miezi mitatu. Wiki tatu kwa tamthilia ya siku tano kwa wiki ni sehemu kumi na tano, na kila moja ina tarehe inayosogea. Ila umaskini si pingamizi. Mama akitaka kuzuia kwa njia hiyo lazima apate kizuizi halali au akitengeneze, mathalani mwanamume atakayedai binti ni mke wake wa ndoa. Mtu huyo awe na jina, deni, na bei. Mtu wa kukodiwa asiye na maisha yake huvunja sini mbele ya kila mtazamaji.

Na yule mchumba wa kwanza, binti wa kitajiri aliyeachwa, usimwachie kazi ya kulia na kupanga njama tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania inaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa na kurudishiwa zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa hiyo. Baba yake akimsukuma afungue kesi hiyo wiki ambayo kampuni mbili zinasubiri mkopo wa pamoja, mama wa kijana ana sababu ya kukataa inayoeleweka hata na anayemchukia.

Kamati ya harusi sitaisahau. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi za mchango, ahadi, vikao vya kila wiki, na grupu la WhatsApp. Ukoo wa kitajiri unaoikataa ndoa hauhitaji kusema lolote. Unaahidi vizuri, haulipi. Ukumbi unadai malipo ya pili, mpishi anadai, na orodha ya ahadi imejaa tiki za watu wasiopokea simu. Kisha shangazi anatoka kwenye grupu. Baada yake wanatoka kumi na wawili kwa mpigo. Sini hiyo inapigwa kwa kamera moja na simu moja, na inachoma kuliko kibao chochote.

Radhi

Mama wa kijana, kisheria, hana lolote. Mwana mtu mzima anaoa bila saini yake. Alichobaki nacho ni radhi, na kwa mtazamaji wetu radhi inatosha kumzuia mtu mlangoni akiwa amevaa kanzu ya harusi. Lakini itumie kwa kipimo. Mama akisema "sikupi radhi" katika sehemu ya nne, sehemu ya tisa na sehemu ya kumi na saba, neno limeisha nguvu. Aliseme mara moja, karibu na katikati ya msimu, na kabla ya hapo watu wengine waonekane wakiliogopa: imamu anamsihi asilitamke, dada yake anamziba mdomo, bibi anaanza kulia kabla ya neno kutoka. Baada ya hapo kila baya linalompata kijana, hata pancha ya gari, linasomwa na wote kuwa ni radhi. Huhitaji mganga.

Kuanguka kwa presha kuna masharti yaleyale: mara moja kwa msimu, na vidonge vyake vionekane mezani sehemu tano kabla. Mama anayeanguka kila akipingwa anageuka kichekesho, na ukimgeuza kichekesho umepoteza uzito wote uliojenga.

Shangazi pia nampendekeza sana. Ana sauti kubwa kwenye kikao cha ukoo na hana mzigo wa kumpenda kijana kila siku. Mara nyingi ndiye mpingaji bora kuliko mama, kwa sababu mama unamhitaji abaki na mlango wa kurudi.

Na maskini nao wakatae

Familia ya binti kwenye skripti zetu inakubali upesi mno. Baba anacheka, mama anapiga vigelegele, jirani anaomba ajira. Ni dharau, na si kweli. Mzazi wa Manzese au Mathare anajua vizuri kinachompata binti anayeingia nyumba asiyo na uwezo wa kwenda kuigongea. Akipigwa, nani atamfuata? Mlinzi wa getini atawaruhusu wazee kuingia? Msiba ukitokea kwetu ataachiwa aje alale matanga, au atatumwa na gari na kurudishwa jioni? Hizi ni sababu za kukataa zenye akili kuliko zote alizonazo mama tajiri. Mwandikie baba wa binti sini moja anapozisema bila kupandisha sauti, na tamthilia yako itakuwa na pande mbili kwa mara ya kwanza.

Kukataliwa pia kunahitaji mahali pa kwenda. Katika *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, Yasmin anapomwacha mume aliyeozwa kwa nguvu, jamaa zake wanamfungia milango, na hadithi inalazimika kujibu atalala wapi. Anapokelewa na Mwajuma, Ng'ambo, na kitabu chote kinafunguka kutoka kwenye chumba hicho. Kila unapofunga mlango wa tajiri, jiulize ni mlango upi wa kimaskini unaofunguka, na nani analipia chakula cha mtu aliyeongezeka.

Mpangilio wa msimu

Chukua msimu wa wiki 13, siku tano, jumla sehemu 65 za dakika 24 hivi. Sini 10 hadi 14 kwa sehemu zinatosha, na zinazobeba mgogoro wa familia zisizidi nne, la sivyo wapenzi wenyewe wanakosa muda wa kupendana na mtazamaji anasahau wanachopigania. Kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana: sehemu 63 za vizuizi na sehemu mbili za mapenzi.

Mama asijue mpaka karibu sehemu ya nane. Kabla yake mpe sababu za kumpenda binti bila kujua yeye ni nani; labda ndiye anayemshonea nguo na anamsifia mikono. Akishajua, kukataa kupande ngazi, na kila ngazi imgharimu na yeye. Kwanza anapuuza, hapo hapotezi kitu. Kisha anazuia washenga, na anapoteza heshima ya kaka yake. Kisha anamwondoa mwanawe kazini, na kazi inaanza kuyumba kwa sababu kijana ndiye aliyekuwa anaijua. Kisha anagusa riziki ya familia ya binti, kibanda au ajira, na mfanyakazi wake wa miaka mingi anaacha kazi. Radhi inakuja baada ya hapo, karibu sehemu ya 35. Ukianza na kugusa riziki sehemu ya kumi huna pa kupanda, na ndipo watekaji wanapoitwa.

Siri kubwa iwe moja, iliyopandwa mapema. Ninayoipenda kwa pwani ni ndugu wa kunyonya. Mama tajiri alijifungua akaumwa, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa na kichanga chake akamnyonyesha mtoto wa bosi. Kwa Shafii, kunyonyeshwa mara tano kamili kabla ya miaka miwili kunawafanya watoto hao ndugu, na ndoa kati yao ni haramu. Miaka inapita, kijana wa bosi anampenda binti wa yule mfanyakazi. Zilikuwa mara tano au nne? Alimnyonyesha akiwa na kichanga yupi, huyu binti au dada yake? Jibu halibadiliki ukitaja dada, maana watoto wote wa mnyonyeshaji wanakuwa ndugu zake, na mwandishi asiyelijua hilo ataharibu. Mgogoro uliobaki ni idadi, na anayeikumbuka ni mwanamke maskini ambaye kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumuuliza lolote. Sasa ukoo mzima umekaa unangoja aseme. Kipimo cha DNA hakisaidii hapa, na hilo peke yake linaiokoa tamthilia na bahasha ya hospitali tuliyoichoka.

Vitu vinavyodanganya

Umaskini wa kwenye skrini mara nyingi ni ukuta wenye rangi iliyobanduka na kucha zilizotengenezwa saluni. Tabaka linaonekana kwenye hesabu. Umeme wa LUKU ulionunuliwa wa elfu mbili, unaokatika katikati ya maongezi ya simu. Kodi ya chumba Dar inayodaiwa kwa miezi sita kwa mpigo, ndiyo maana kufukuzwa ni janga na si usumbufu. Kutumiwa pesa bila ya kutolea. Ndoo za maji zilizopangwa kwa siku ambayo bomba halitoi. Binti anayeshuka daladala kituo kimoja kabla ili asionekane anashuka daladala. Ukitaja kiasi cha pesa, kitaje chenyewe. "Pesa nyingi" haimshtui mtu, lakini mama anayetoa kwa maua ya mezani kile ambacho baba wa binti anadaiwa cha pango, mtazamaji anajumlisha mwenyewe.

Utajiri nao una daraja zake. Familia yenye mali ya vizazi viwili haijazi dhahabu sebuleni. Aliyepata juzi ndiye anayemkataa maskini kwa ukali zaidi, kwa sababu anamkumbuka. Kama mama yako wa tamthilia naye alikulia chumba kimoja Kisauni, hilo liwe jambo analolificha hata kwa mwanawe, na binti aligundue kwa kitu kidogo, kama namna mama anavyokunja kanga au anavyosaza wali wa kesho.

Usimfanye binti kuwa tajiri

Kimbilio la mwisho la waandishi wengi ni kwamba binti maskini anagunduliwa kuwa mtoto wa tajiri mkubwa kuliko wote. Televisheni ya Mexico imelitumia sana, na linaleta machozi ya uhakika. Silipendi, na sababu yangu ni hii: mama alisema maskini hafai kuingia ukoo wake, na hadithi ikamjibu kwamba sawa, huyu si maskini. Hoja yake haijaguswa. Dereva, mshonaji na mfanyakazi wa nyumbani waliobaki kwenye hadithi wamebaki wasiofaa.

Ukitaka mama abadilike, mrudishie alichoshika mkononi. Aliyeshika kampuni aone kampuni inashindwa kusimama bila aliyemfukuza. Aliyeshika radhi, awe yeye anayehitaji radhi ya mtu, pengine ya yule mfanyakazi aliyemnyonyeshea mwanawe. Mpe sehemu sita au saba za mwisho kwa kazi hii, siyo dakika kumi za hospitali. Aende mwenyewe uswahilini na mshenga wake, na safari hii wazee wa binti ndio wamwambie, "Tumepokea, tutawajibu." Wamngojeshe wiki nzima, sehemu tano kamili, na katika sehemu hizo asitokee mtu wa kumsaidia kuharakisha jibu.